Pori lililoota mahameni: majibu kwa maswali yenu

Katika safu iliyopita nilitaja pori la hifadhi la Charles C. Deam, kusini mwa jimbo la Indiana, Marekani. Ni karibu ekari 13,000 ndani ya Msitu wa Taifa wa Hoosier, na limepewa kinga kali kuliko zote zinazotolewa kwa ardhi ya umma nchini humo. Nikadokeza kwamba hapo zamani palikuwa na mashamba, nyumba na barabara. Dokezo hilo ndilo lililoleta barua. Nazijibu hapa, nyingine kwa kirefu, nyingine kwa mkato.

Pori gani hilo lenye makaburi na misingi ya nyumba? Si msitu wa kawaida tu uliopewa jina kubwa?

Hoja hiyo hujaianza wewe. Maofisa wa Idara ya Misitu ya Marekani waliitoa hivyohivyo miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sheria ya mapori, iliyotiwa saini na Rais Lyndon B. Johnson tarehe 3 Septemba 1964, ilianza na maeneo 54, mengi yakiwa magharibi, kwenye milima ambayo jembe halikuifikia. Huku mashariki, walisema, kila kilima kimekwisha kukatwa miti, kulimwa au kulishiwa ng'ombe. Basi hakuna pori, tufunge mjadala.

Bunge halikuufunga. Ukiisoma sheria yenyewe, haidai ardhi iwe haijawahi kuguswa. Inataka alama za kazi ya binadamu ziwe hazionekani kwa kiasi kikubwa. Na Howard Zahniser, mwandishi mkuu wa rasimu, alichagua kwa makusudi neno la Kiingereza ambalo asili yake ni wavu wa kunasia na pingu za miguu ya farasi: pori ni ardhi isiyotiwa pingu. Wengi hulisoma mbiombio wakadhani amesema "isiyoguswa". Ardhi iliyokwisha kuguswa huwezi kuifanya isiguswe, lakini pingu zinaweza kuvuliwa leo. Mimi nipo upande wa Zahniser kabisa.

Januari 1975 Rais Gerald Ford akatia saini sheria iliyotenga maeneo 16 ya mashariki kwa mkupuo mmoja. Deam lilifuata mwaka 1982, na ndilo pekee la aina hiyo katika Indiana nzima.

Shikamoo mwandishi. Je, hao wakulima walifukuzwa?

Marahaba. Hawakufukuzwa kwa bunduki, kama ndilo unalowaza. Walishindwa na udongo. Ile ni nchi ya migongo ya vilima yenye udongo mwembamba juu ya mawe. Miti ilipokatwa na migongo ile kulimwa mahindi, mvua ikaanza kazi yake, na ndani ya vizazi vichache udongo wa juu ulikuwa umeshuka bondeni, makorongo yakabaki. Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Wengine waliacha mashamba na kodi haijalipwa, wengine wakauza. Kuanzia 1935 serikali kuu ilikuwa ikinunua ardhi hiyo, kwa mamlaka ya sheria ya mwaka 1911 iliyoiruhusu kununua ardhi kwa ajili ya misitu. Kwenye karatasi ni mauzo ya hiari. Lakini mtu anayeuza huku deni la kodi limemkaba koo, hiari yake ina walakini.

Wala hadithi haianzii kwa wakulima hao. Kabla yao kulikuwa na watu wa Miami, Shawnee na Delaware, ambao ardhi yao ilichukuliwa kwa mikataba ya mwanzoni mwa karne ya 19. Anayeliita eneo hili "tupu tangu uumbaji" anawafuta watu wa tabaka mbili kwa pigo moja.

Nikitembea msituni, nitajuaje kwamba hapa palikuwa shamba?

Hili ndilo swali nililolipenda kuliko yote.

Tazama kwanza umbo la miti. Mwaloni ulioota msituni hunyooka kama mlingoti, kwa sababu unagombea jua na jirani zake. Ulioota uwandani hutandaza matawi ya chini, maana jua ni la kwake peke yake. Sasa ukikuta mwaloni mnene wenye matawi mapana ya chini, mengi yakiwa yamekauka, na pembeni yake vijana wembamba wamesimama wima, ujue huyo mzee alikuwa peke yake malishoni, na ng'ombe walijipumzisha kivulini mwake. Hao wembamba walikuja baadaye, ng'ombe walipoondoka.

Tafuta pia seng'enge. Mkulima aligongomelea waya kwenye mti wa mpakani ili asihangaike na nguzo, mti ukanenepa, gome likaumeza waya. Leo unaona ncha mbili za kutu zikitokeza ubavuni, upande huu na upande ule, kama sindano iliyosahaulika kwenye mto. Waya huo haujapanda hata kidogo, maana mti hurefuka kwenye ncha zake tu, hauvutiki kutoka chini. Uko usawa uleule wa kiuno alipougonga mwenyewe.

Kisha tazama chini. Sakafu ya msitu wa kale ina vishimo na vichuguu, kila kimoja kikiwa kovu la mti ulioanguka na kung'oa mizizi yake. Palipopita jembe la kukokotwa na farasi pamesawazika, pamekuwa kama sakafu ya ukumbi. Utakuta na mierezi myekundu iliyokufa ikiwa imesimama chini ya miti mirefu. Hiyo ni miongoni mwa miti ya kwanza kuingia shamba lililoachwa, baada ya magugu, nyasi na vichaka vya miiba. Haivumilii kivuli, kwa hiyo mitulipu, mialoni na mihikori inapoipita kimo, nayo hukauka. Kiini chake huchelewa kuoza, ndiyo maana mifupa yake bado ipo.

Dalili ninayoipenda ni nargisi, yale maua ya manjano ya mwanzo wa machipuko. Hayaoti porini Indiana. Yalipandwa na mtu. Vitunguu vyake vina sumu, kulungu hawavigusi, kwa hiyo huchanua mwaka baada ya mwaka mbele ya mlango usiokuwepo. Ukiyaona yamejipanga mstari mnyoofu katikati ya msitu, simama. Msingi wa mawe hauko mbali. Tahadhari moja: hatua chache kutoka msingi huwa kuna kisima au tangi la maji lililochimbwa ardhini, na majani makavu hulifunika vizuri sana.

Sheria inataka pori liwe na ukubwa gani?

Ekari 5,000, au ukubwa wowote unaotosha kulihifadhi bila kuliharibu. Hilo "au" limefanya kazi kubwa: Pelican Island, Florida, ni ekari 5 na ushei tu.

Kwa nini baiskeli ipigwe marufuku ilhali haina injini, na farasi anayeharibu njia zaidi aachwe?

Kwa sababu sheria haikuishia kwenye injini. Ilikataza pia vyombo vya usafiri vya kimakanika, na Idara ya Misitu inahesabu humo baiskeli, mikokoteni, hata vigari vya kubebea mnyama aliyewindwa. Kiti cha magurudumu cha mtu asiyeweza kutembea kinaruhusiwa. Sheria ya mwaka 1990 ilisema hivyo waziwazi. Kwa kawaida wahudumu wenyewe hawatumii chenso. Mti ukianguka njiani, watu wawili huukata kwa msumeno wa kuvutana, huku na huku, mpaka jasho liwatoke.

Farasi anaruhusiwa kwenye njia zilizopangwa. Nakubaliana nawe kwamba kwato nne kwenye tope hufanya uharibifu kuliko tairi mbili. Lakini sheria ilikataza vyombo, si wanyama, na hapo farasi alishinda.

Kuwinda je?

Ruksa, kwa leseni na masharti ya jimbo. Kulungu wenyewe walikuwa wameisha Indiana mwishoni mwa karne ya 19, wakarudishwa kuanzia 1934.

Huyo Deam ni nani?

Mtoto wa shamba, aliyezaliwa 1865, akawa mwuza dawa katika mji wa Bluffton, kisha akanogewa na mimea kiasi cha kukusanya sampuli makumi ya maelfu. Mwaka 1909 akawa ofisa misitu wa kwanza wa jimbo. Kitabu chake kikubwa cha mimea ya Indiana kilitoka 1940, naye akafariki 1953, kabla hata sheria ya mapori haijaandikwa.

Umesema serikali ilipanda misonobari huko, na magugu ya kigeni yapo. Sasa pingu zikivuliwa, si tunaacha makosa yaendelee?

Hapa ndipo sheria inapouma. Misonobari ilipandwa mistari kwa mistari miaka ya 1930 na kuendelea, ili kushika udongo uliokuwa ukikimbia. Waridi la miiba kutoka Asia nalo lilihimizwa na wataalamu wa hifadhi ya udongo kama ua hai, yaani uzio wa mimea, likatoroka uani. Ukisema "tuache tu", waridi hilo halitakushukuru wala kukusubiri. Sheria inaruhusu hatua za kudhibiti moto, wadudu na magonjwa, na wasimamizi wanaweza kupambana na mimea vamizi, ila kila hatua lazima ipimwe kwanza: je, ni lazima kweli, na kuna njia nyepesi zaidi? Kwa waridi, mimi ningeng'oa, tena kwa mkono.

Misonobari ningeiacha. Mingi ni wageni kwenye vilima vile na inazeeka. Dhoruba huiangusha, na kwenye uwazi unaobaki, chini ya mistari iliyopangwa kwa kamba, kuna miche ya mitulipu na miti mingine ya kienyeji iliyokwisha kufika magotini. Haikupandwa na mtu, na haifuati mstari wowote.