Jibu: Masikio ya kiti yawe marefu kiasi gani?

Mkuu, umeuliza masikio ya kiti cha kupumzikia, yaani zile mbawa mbili za pembeni ya mgongo usawa wa kichwa, yatokeze mbele kiasi gani ili usome sebuleni bila kila anayepita kukukodolea macho. Anza na kichwa chako, kiti baadaye. Kaa ulivyozoea, mtu akupimie kutoka kisogoni hadi kona ya jicho. Mimi nilipata sm 18, nikamwambia fundi aongeze mbili tu. Ukizidisha sana unakuwa kama punda aliyezibwa macho, hata mlango huuoni.

Zamani Uingereza masikio hayo yalikuwa ya kukinga upepo wa baridi na kutunza joto la moto. Dar hatuna shida hiyo, kwa hiyo weka sponji nyembamba pembeni na kitambaa cha pamba au kitani. Ngozi ya bandia itakugandia mgongoni.

Kama unataka faragha kweli, kitazame kiti cha Egg (yaani Yai) alichobuni msanifu wa Denmark, Arne Jacobsen, mwaka 1958 kwa ajili ya hoteli ya shirika la ndege la SAS kule Copenhagen. Mgongo na masikio ni ganda moja lililopinda, na kiti kinazunguka. Ukichoka na watu unawageuzia kisogo, basi.

Kikalio: kimo sm 40 hadi 43 ukiwa umeshakaa, maana sponji hubonyea. Kina chake, kutoka mbele hadi mgongoni, kiwe kama sm 52, na mgongo ulale kidogo. Mafundi wengi hupenda kuusimamisha wima kama benchi la kanisani, mkatalie.