Jibu kwa dada aliyeuliza: unapumzikaje wakati kazi haziishi?

Dada uliyeleta uzi, umesema unasali, unatoa, unatumika kanisani, lakini unalala umechoka na unaamka umechoka, na ukauliza ile "nami nitawapumzisha" ya Mathayo 11:28 iko wapi. Wengi humu wamekushauri uongeze maombi. Naomba nitofautiane nao kidogo, maana kwangu mambo ya kanisa yalikuwa sehemu ya uchovu wenyewe.

Mimi ni karani wa chama cha msingi, yaani ushirika ambao wakulima wanauzia korosho zao, wilaya ya Masasi. Walio huku Kusini wanajua karani anavyoishi Oktoba hadi Desemba. Kutwa nzima ni foleni ya wakulima na magunia, kuangalia unyevu, gredi, mizani, kuandika stakabadhi. Mnada ukipita zinaanza simu. "Karani, hela imeingia?" Saa tano usiku: "Karani, ya jirani yangu imeingia, yangu vipi?" Utadhani benki iko chini ya mto wangu. Juu ya hayo nilikuwa mweka hazina wa kigango, katibu wa kwaya na mwenyekiti wa jumuiya. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yangu ngumu kuliko zote. Misa naisikiliza kwa sikio moja, jingine linahesabu sadaka.

Msimu mmoja akaja bibi mmoja na karatasi yake. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, hebu nisomee hapa, macho yangu siku hizi hayaoni vizuri." Nikasoma: kilo 29. Akaniambia nirudie. Niliporudia ndipo nikaelewa kwa nini alitaka nisome mimi. Korosho zake zilikuwa kilo 92, na mwandiko ulikuwa wangu. Tulirekebisha kabla mzigo haujaondoka, lakini usiku ule sikulala. Nilijiuliza ni wangapi ambao hawakurudi na karatasi.

Wiki hiyohiyo nikampeleka shemeji yangu hospitali ya misheni pale Ndanda. Watawa Wabenediktini wako hapo tangu 1906. Jioni, nikisubiri majibu, nikawa nazungukazunguka, nikamkuta bruda mmoja mzee anafunga pampu ya maji. Nikasimama kumtazama, si unajua mtu mwenye wasiwasi anavyopenda kutazama kazi ya mwenzake. Kengele ya masifu ya jioni ikalia. Nati ilikuwa imeingia nusu. Mimi ningesema ngoja nimalizie hii tu, mizunguko minne mitano. Yeye aliweka spana juu ya jiwe, akajifuta mikono kwa kitambaa, akaenda zake kanisani. Kesho yake alfajiri nilipita tena pale. Spana ilikuwa juu ya jiwe lilelile, ina umande.

Baadaye niliambiwa kwamba kanuni yao, ambayo ni ya karne ya 6, inamtaka mtawa akisikia kengele aache mara moja alichoshika, hata kama hakijaisha. Hilo la "hata kama hakijaisha" ndilo lililonikamata. Miaka yote nilikuwa nasubiri kazi ziishe ndipo nipumzike, na korosho zikiisha zinakuja palizi, salfa ya kupulizia mikorosho, vikao, michango ya harusi.

Nikarudi kwenye Biblia na swali hilo. Kumbukumbu la Torati 5 inatoa sababu ambayo sikuwahi kuitilia maanani: ishike Sabato kwa kuwa ulikuwa mtumwa Misri. Mtumwa hana siku yake. Halafu Kutoka 16, wale waliotoka siku ya saba kwenda kuokota mana wasiikute. Nilijiona pale kabisa, na mizani yangu begani.

Sasa nafanya hivi. Jumamosi saa kumi na mbili jioni nafunga daftari mahali lilipofikia, hata katikati ya ukurasa. Simu naizima, inaingia kabatini chini ya vitenge vya mama watoto. Wa nyumbani wakiwa na dharura wana namba ya mama watoto. Ukatibu wa kwaya na uenyekiti wa jumuiya niliviachia. Hapo nilisemwa, tena na watu wa kwaya yenyewe, kwamba nimepoa kiroho. Paroko ndiye aliyenishangaza. Alicheka, akaniuliza mbona nimechelewa.

Ila nisikudanganye, mwanzoni niliharibu. Jumapili ya tatu nimekaa barazani na Biblia yangu, nimetulia kama padri, mama watoto akatokea jikoni na moshi machoni. Akauliza, "Na mimi Sabato yangu ni lini?" Sikuwa na jibu. Sura ileile ya 5 inasema apumzike mtumwa na mjakazi vilevile kama wewe, na mimi nilikuwa nimeruka mstari. Tangu hapo wali wa nazi na kisamvu vinapikwa Jumamosi, na mimi ndiye ninayetwanga kisamvu. Jumapili jioni ukiwa msimu wa ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku kwetu, tunanunua ya kuchemshwa, tunaimenya pamoja na chumvi na pilipili, na hiyo ndiyo sala ndefu tunayoijua siku hiyo.

Sheria sijaifanya chuma. Jumapili moja ya Novemba mvua ilishuka na korosho za watu zimeanikwa nje. Nilikimbia na turubai kama wengine. Yesu mwenyewe aliuliza nani ng'ombe wake akitumbukia kisimani hamtoi siku ya Sabato.

Uchovu wa mwili bado ninao, msimu ni msimu. Kilichopungua ni ule woga kwamba nikikaa chini dunia itaanguka. Jumatatu iliyopita niliwasha simu saa kumi na moja alfajiri, nikakuta simu 17 ambazo sikupokea. Kumi na mbili ni za mtu mmoja, alikuwa anauliza kama hela imeingia. Haikuwa imeingia.