Daktari wa upasuaji yupo, kwa nini mgonjwa aambiwe arudi wiki ijayo?

SWALI: Shikamoo daktari. Kaka yangu ana ngiri ya kinena na amepangiwa upasuaji katika hospitali ya umma. Mara tatu amelazwa, akafunga kula tangu usiku, na mara zote tatu akaambiwa arudi wiki nyingine. Daktari bingwa tunamwona akipita wodini kila asubuhi, kwa hiyo hatuwezi kuambiwa kwamba hayupo. Ndugu wameanza kusema kwamba tunangojwa tutoe chochote. Je, kuna jambo tunalofichwa? Na je, ni salama kaka aendelee kusubiri?

JIBU: Marahaba dada yangu, na poleni, maana kufunga kula mara tatu bure kunamvunja mgonjwa moyo kuliko ugonjwa wenyewe. Kama kuna mtu aliyewadai fedha zisizo na risiti, toeni taarifa kwa uongozi wa hospitali bila woga. Hata hivyo, kwa miaka niliyofanya kazi katika vyumba vya upasuaji, nimeona wagonjwa wengi zaidi wakiahirishiwa kwa sababu ambazo hakuna aliyewaeleza, na kosa letu kubwa sisi watumishi ni huko kutowaeleza.

Daktari wa upasuaji ni mtu mmoja tu kati ya wengi wanaohitajika. Lazima awepo mtaalamu wa dawa ya usingizi, na katika hospitali nyingi za nchi zinazoendelea mtaalamu huyo ni mmoja kwa zamu nzima. Kaka yako anapokuwa tayari amevalishwa gauni, huletwa mama ambaye mapigo ya moyo wa mtoto wake tumboni yanadhoofika, na nyuma yake kijana aliyevunjika mguu hadi mfupa ukatokeza nje ya ngozi. Hao hawawezi kungoja hata saa chache, lakini ngiri isiyo na maumivu inaweza kungoja, kwa hiyo ndiyo inayosogezwa. Wakati mwingine kinachokosekana ni kitu ambacho mgonjwa hawezi kukifikiria: umeme ukikatika, mashine ya kutakasa vifaa husimama, na hospitali yenye seti mbili tu za vifaa vya upasuaji haiwezi kumpasua mgonjwa wa tatu hata kama madaktari watano wamesimama mlangoni. Oksijeni na damu ni vivyo hivyo.

Hali hii haiko kwenu tu. Mwaka 2015 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawawezi kupata upasuaji ulio salama na wa gharama wanayoimudu pale wanapouhitaji. Kati ya upasuaji milioni 313 uliokuwa ukifanyika kila mwaka, asilimia 6 tu ulifanyika katika nchi maskini zaidi, ambako wanaishi zaidi ya theluthi moja ya wanadamu. Foleni aliyomo kaka yako ndiyo sura ya takwimu hiyo.

Kuhusu usalama wake, ngiri inayorudi ndani anapolala kwa kawaida inaweza kusubiri kwa wiki kadhaa. Lakini uvimbe ukigoma kurudi, ukawa mgumu na wenye maumivu makali, au akaanza kutapika na kushindwa kutoa hewa au choo, basi utumbo umebanwa na unaweza kuoza. Hapo tarehe aliyopangiwa haina maana tena, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane. Kwa sasa, mwulizeni muuguzi mkuu wa wodi swali moja la wazi: ni kitu gani hasa kilichokosekana mara zote tatu? Kama tatizo ni msongamano wa dharura, ombeni apangwe wa kwanza asubuhi. Kama ni mashine iliyoharibika na haijulikani itatengenezwa lini, ombeni rufaa.

Niongeze jambo ambalo hamkuliuliza, kwa kuwa ndilo linalonikosesha usingizi zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, ulionyesha kwamba wagonjwa wa upasuaji barani mwetu hufariki kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa ni vijana zaidi na wana maradhi mengine machache. Kati ya vifo 239, vifo 225 vilitokea baada ya siku ya upasuaji kupita. Yaani mgonjwa huvuka kisu salama, kisha hupotelea wodini, usiku, ambapo muuguzi mmoja anahudumia vitanda vingi na hawezi kuona kwa wakati kwamba mmoja anavuja damu au amepanda homa. Kwa hiyo kaka akishapasuliwa, asikose ndugu wa karibu naye, na ndugu huyo amwite muuguzi bila kuona haya iwapo bandeji imelowa damu, kidonda kinatoa usaha, au mgonjwa anahema kwa shida.

SWALI: Binti yangu ni mjamzito na uzazi wa kwanza alijifungua kwa upasuaji. Katika hospitali yetu ya karibu anayepasua si daktari bingwa bali ni afisa aliyepewa mafunzo ya upasuaji. Je, nimpeleke mjini?

JIBU: Mama, cheo cha anayepasua kisikutishe. Msumbiji ilianza kuwafunza maofisa wa namna hiyo mwaka 1984, na utafiti uliolinganisha kazi yao ya kupasua wajawazito na ile ya madaktari bingwa haukuona tofauti kubwa katika hali ya mama na mtoto. Bila wao, wilaya nyingi zisingekuwa na upasuaji kabisa. Uliza badala yake kama timu hukagua orodha ya usalama kabla ya kukata. Orodha hiyo ya Shirika la Afya Duniani ina mambo 19, na ilipojaribiwa katika hospitali za miji minane, Ifakara ya Tanzania ikiwemo, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kisha uliza kama damu na mtaalamu wa usingizi vinapatikana usiku na mchana. Vikiwepo, ajifungulie hapo. Kimojawapo kikikosekana, ahamie karibu na hospitali kubwa wiki chache kabla ya siku zake, kwa sababu mwenye kovu la upasuaji hapaswi kuanza uchungu akiwa mbali na chumba cha upasuaji.