Somo la kompyuta kidato cha tatu na cha nne

Waalaikum salaam, dada yangu. Umeuliza iwapo mwanao anayeingia kidato cha tatu hapa Lamu aendelee na somo la kompyuta ilhali nyumbani hamna mashine. Kwa maoni yangu aendelee, kwa kuwa sehemu kubwa ya mada za mwaka huo, yaani uwakilishaji wa data na misingi ya kuandika programu, husomwa kwa kalamu na daftari. Chukua namba 13: ukiigawa kwa 2 mara kwa mara hadi ifike 0, kisha ukayasoma masalio kuanzia la mwisho kurudi la kwanza, unapata 1101, yaani 13 jinsi kompyuta inavyoiwakilisha kwa 0 na 1 pekee; hesabu hiyo anaweza kuifanya hata akiwa gatini akisubiri mashua ya Mokowe.

Mashine itahitajika kwa mtihani wa vitendo na kwa mradi, ambao ndio karatasi ya tatu ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Kwenye mradi wengi hukwama, nami nilikwama, kwa kukimbilia kuchapa kabla ya kuchora kwenye karatasi majedwali ya hifadhidata, yaani mkusanyiko wa taarifa zilizopangwa ndani ya kompyuta. Kabla hamjaamua, muulize mwalimu wake maabara hufunguliwa jioni ngapi kwa wiki, na wanafunzi wangapi hutumia mashine moja.