Maswali na Majibu: Shaba ya China Mnadani

Nina picha ya chombo cha maua cha shaba nyeusi, cha China, nilichorithi kwa babu. Kina thamani gani? (Mombasa)

Sijui, wala hakuna mjuzi atakayejua kwa picha moja ya upande wa mbele. Kipindue, upige picha ya kitako na ya ndani, upime kimo na uzito, ndipo uandike tena.

Nikisugue kwanza kwa ndimu na majivu? (Huyohuyo)

Usithubutu. Rangi ile ya kijani na kahawia imetulia kwa miaka mingi, nawe utaiondoa kwa dakika kumi pamoja na sehemu kubwa ya bei. Ila ukiona unga wa kijani mpauko unaomomonyoka, huo ni ugonjwa wa shaba, unaoletwa na kloridi na unyevu, na hewa ya pwani huuchochea. Kiweke pakavu, umtafute mhifadhi wa vitu vya kale.

Katika orodha ya mnada huku London kuna chombo cha shaba chenye alama ya Xuande kwa makadirio ya pauni 600 hadi 800 tu. Je, hawajui wanachouza?

Wanajua sana, wewe ndiye uliyeisoma alama ukaruka maneno. Enzi ya Xuande, mfalme wa China wa ukoo wa Ming, ilianza 1426 ikaisha 1435, na sifa ya shaba yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba mafundi wa mwishoni mwa Ming na wa Qing, ukoo uliofuata, waliendelea kulitia jina hilo kwenye vitako vya vyombo vyao, wengine kwa kuwaenzi wahenga, wengine kwa kudanganya. Umbo nalo si ushahidi, kwa kuwa tangu enzi ya ukoo wa Song, kabla ya Ming, watu wamekuwa wakinakili vyombo vya tambiko vya ukoo wa kale wa Shang. Orodha inayosema "chenye alama ya Xuande" haijasema "cha enzi ya Xuande", na bei hukaa katika tofauti hiyo. Nimechoka kulirudia jambo hili.

Muuzaji hana hati, ila anaapa kuwa chombo kimekuwa cha familia yake tangu zamani. Yatosha?

Haitoshi. Kiapo hakionyeshi kilitoka China lini wala kwa mkono wa nani, na uchimbaji wa wizi makaburini unalishwa na wanunuzi wasiouliza. Hati zenyewe nazo huwa na makali pande mbili. Mwezi Aprili 2018 mnada mmoja wa Canterbury, Uingereza, uliuza kwa pauni 410,000 chombo cha Zhou ya Magharibi, ukoo uliofuata Shang, chenye mapambo ya chui milia, na barua za ofisa wa jeshi la Uingereza aliyekichukua zilithibitisha kwamba kilitoka katika uporaji wa Yuanmingyuan, kasri la wafalme wa China huko Beijing, mwaka 1860. Barua hizo zilithibitisha asili, na papo hapo zikathibitisha wizi. Serikali ya China ilipinga mnada huo bila mafanikio, kisha mnunuzi asiyetajwa jina akakitoa kwa China, na mwaka huohuo kikafika Makumbusho ya Taifa, Beijing. Mimi ningependa muuzaji ndiye angekirudisha.

Nikishinda mnadani kisha nikabadili nia?

Nyundo ikigonga, umefunga mkataba, na juu ya bei hiyo kuna ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi hukaribia robo yake. Mwaka 2009, mjini Paris, Cai Mingchao, mkusanyaji wa China, alishinda vichwa viwili vya shaba vilivyoporwa Yuanmingyuan, cha panya na cha sungura, kwa takriban euro milioni 31, akakataa kulipa kwa sababu za kizalendo. Wewe unataka tu kupamba sebule, kwa hiyo lipa.