Maswali ya wasomaji: Chatu wa kwanza nyumbani

Barua karibu zote za mwezi huu zinamhusu nyoka mmoja: chatu mdogo wa Afrika Magharibi na ya Kati, Python regius kwa jina la kitaalamu. Hana sumu. Akikomaa hufika sentimita 90 hadi 150, jike akimpita dume, na akitunzwa vizuri huishi miaka 20 hadi 30. Tusimchanganye na chatu mkubwa wa porini kwetu, ambaye naye ana barua yake mwishoni.

Salaam aleikum. Mjomba anahama nchi na ameniachia chatu wake dume, sentimita 70 hivi, gramu 350. Sijawahi kufuga hata paka. Ana siku tano kwangu. Nikifungua kasha anajikunja duara na kuficha kichwa, mikono inanitetemeka, na panya niliyemwekea hakumgusa. Nimemfungia balbu ya wati 100 kama nilivyosoma kwenye intaneti. Nakosea wapi? — Mwenye hofu, Tudor, Mombasa

Wa aleikum salaam, ndugu yetu. Tuanze na balbu, maana hiyo ndiyo inayoweza kumuua wiki hii. Izime.

Maelezo mengi ya intaneti yameandikiwa watu wa nchi za baridi, ambao shida yao ni kupasha kasha joto. Shida ya Mombasa mara nyingi ni kulipoza. Chatu huyu anataka upande mmoja wa kasha uwe nyuzi 31 hadi 33, na upande wa pili 25 hadi 27, ili aende huku na huko kadiri mwili wake unavyotaka. Msimu wa kaskazi, hasa Februari na Machi, hewa ya nje peke yake hufika nyuzi 32 au 33, na chumba cha mabati kisicho na dari hupita hapo. Ukiongeza wati 100, hana pa kukimbilia. Kasha zima likipita 35 na kukaa hapo, yuko hatarini.

Nunua vipimajoto viwili vya dijitali vyenye waya, kimoja kila upande, vihisi vyake vikae chini anapolala nyoka. Kipimajoto cha kubandika kwenye kioo hupima kioo. Andika vipimo vya alfajiri, adhuhuri na usiku kwa siku tatu kabla ya kununua chombo chochote cha joto. Huenda ukakuta kwamba mwezi huu huhitaji kitu. Wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, usiku ukishuka hadi 21 au 22, hapo ndipo pedi ndogo ya joto inapohitajika: ibandikwe nje, chini ya kasha la kioo, isizidi theluthi moja ya sakafu, na iunganishwe na thamostati, kifaa kinachozima na kuwasha joto chenyewe, iliyowekwa 32. Kihisi cha thamostati kifunge imara. Kikichomoka, kitapima hewa ya pembeni, na pedi itaendelea kuwaka bila kukoma. Kama kasha ni la mbao, pedi usiiweke chini yake. Mbao haipitishi joto vizuri, basi joto hurundikana na pedi huungua. Ukilazimika kutumia balbu wakati wowote, iwe nayo kwenye thamostati, na iwe ndani ya kizimba cha waya. Nyoka hujizungusha kwenye kitu cha moto na hachomoki upesi hata ngozi ikiungua.

Siku za joto kali, gandisha chupa ya maji, izungushie taulo, uilaze juu ya kifuniko upande wa baridi. Feni ipige chumba, isimpige nyoka.

La pili ni karatasi. Chatu wote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hapa Kenya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga mnyamapori bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Usidhani kibali cha mjomba kinakufunika wewe. Chukua karatasi zake zote, za kuingiza nchini zikiwemo, uende nazo ofisi ya KWS kabla mjomba hajapanda ndege, maana yeye ndiye anayeweza kujibu nyoka alikotoka. Akishaondoka, maswali hayo yatakuwa yako.

Sasa hofu yenu wawili. Kujikunja na kuficha kichwa maana yake anakuogopa. Anayetaka kuuma hukunja shingo kama herufi S, kichwa juu, amekutazama. Kwa hiyo mwache siku saba kamili bila kumshika, kazi yako iwe kubadilisha maji na kuondoa kinyesi. Kisha ale mara mbili au tatu kwa utaratibu kabla hujaanza kumzoesha mikono. Wenye nyoka wapya huwasumbua mno, na ndiyo sababu ya kwanza ya nyoka kugoma kula.

Ya pili ni kukosa pa kujificha. Anahitaji maficho mawili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, membamba kiasi cha ubavu wake kugusa ukuta. Bakuli la plastiki lililofunikwa na kutobolewa mlango linatosha. Ukipenda chungu, kikae juu ya sakafu ya kasha yenyewe kabla ya kumwaga matandiko, kwa sababu nyoka huchimba chini yake na chungu kizito kinaweza kumlalia. Kwa ukubwa wake wa sasa kasha la sentimita 90 kwa 45 linafaa. Akikomaa apate 120 kwa 60. Lisiwe wazi na tupu, ulijaze majani ya plastiki na vipande vya mti.

Kwa matandiko tuna bahati pwani: makumbi ya nazi yaliyosagwa hushika unyevu vizuri na si rahisi kuvunda. Lakini makumbi ya wasuka kamba hulowekwa kwenye maji ya bahari. Yaoshe kwa maji matamu mara tatu, uyaanike mpaka yakauke, ndipo uyatumie. Maji ya kunywa pia yawe matamu. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, basi mpe yale mnayokunywa wenyewe. Unyevu wa kasha uwe asilimia 60 hadi 70, na hewa ya Mombasa hukupa huo bila kunyunyiza sana. Ukiona matone kwenye kioo asubuhi, ongeza matundu ya hewa.

Chakula: kwa gramu 350, panya wa gramu 35 hadi 50, kila siku 7, unene wake usizidi sehemu nene kabisa ya mwili wa nyoka. Mpime kila mwezi kwa mizani ya jikoni, ndani ya bakuli lenye kifuniko, na bakuli hilo lisirudi jikoni. Panya awe wa kufugwa, aliyekufa na kugandishwa. Panya hai anaweza kumng'ata nyoka mpaka mfupa uonekane. Panya wa kutegwa mtaani usimguse kabisa: nusu ya mtaa umetega sumu, na sumu hiyo itaingia kwa nyoka wako.

Mtoe panya kwenye friza, alale kwenye friji usiku mmoja, kisha umweke ndani ya mfuko kwenye maji ya nyuzi 40 hadi 45 kwa dakika 15 au 20, hadi ngozi yake ifike 37 au 38. Maikrowevu hapana kabisa, hupika ndani na kupasua tumbo. Mkaushe, maana aliyelowa hapendwi. Mpe baada ya isha, taa zimezimwa, kwa koleo refu, ukimtikisa polepole mbele ya mlango wa maficho. Chatu huyu huwinda kwa kufuata joto, ana vishimo vya kulihisi mdomoni, na panya aliyepoa kwake ni kama jiwe. Akikataa, mlaze panya mlangoni uondoke. Asikae zaidi ya saa tatu, kwa joto hili ataoza na sisimizi watajaa. Usimgandishe tena. Jaribu baada ya siku saba, si kesho yake.

Kugoma kwa wiki kadhaa ni tabia yao, wengine hugoma miezi. Kinachotisha ni uzito: akipoteza asilimia 10, kwako ni gramu 35, mpeleke kwa daktari wa mifugo aliyewahi kutibu nyoka. Mtafute daktari huyo sasa, si siku ya dharura.

Siku ya kumshika ikifika, nawa mikono kwa sabuni kwanza. Mkono unaonuka kuku ni chakula. Mguse mgongoni kwa upole na kijiti chenye kulabu ili ajue si wakati wa kula, kisha ingiza mikono miwili chini ya katikati ya mwili, kutoka ubavuni, usimjie kwa juu kama mwewe. Usishike kichwa wala mkia. Dakika tano zinatosha. Kaa chini sakafuni, hata mikono ikitetemeka hataanguka mbali. Asishikwe saa 48 baada ya kula, la sivyo atatapika, na akitapika mpe maji tu siku 10 hadi 14, halafu panya wa nusu ya ukubwa.

Je, akiuma? Kwa ukubwa huo ni vitobo vya sindano. Usivute mkono, meno yake yamepinda kuelekea nyuma na yatachana. Maji baridi yanayotiririka juu ya mdomo wake kwa kawaida humfanya aachie. Akijizungusha, mfungue kuanzia mkiani. Osha jeraha kwa sabuni dakika tano, na kama chanjo yako ya pepopunda imepitwa na wakati, pita zahanati.

Mume wangu anataka kuleta chatu. Tuna mtoto wa miaka miwili na nina mimba ya miezi mitano. Naambiwa hana sumu, nisiwe na wasiwasi. — Mama Likoni

Wasiwasi wako una msingi, dada, ila si wa kuumwa. Nyoka hubeba bakteria wa salmonela tumboni bila kuugua, na hao huhamia kwenye ngozi yake, maji yake na mikono ya mfugaji. Ushauri wa afya ya jamii ni kwamba nyumba yenye mtoto chini ya miaka 5, mjamzito, au mtu mwenye kinga dhaifu, isifuge wanyama watambaao. Bwana anaweza kungoja. Nyoka wa kuishi miaka 25 hampotezi kitu akichelewa kuja. Na siku akija, vyombo vyake vina ndoo yake nje, havioshwi kwenye sinki la jikoni.

Amevua gamba vipandevipande, na jicho moja limebaki na utando. Mwanangu anataka kuubandua kwa kibanio. Chumba kina eisii (kiyoyozi). — Bamburi

Mnyang'anye kibanio. Jicho la nyoka halina kope, lina kigamba kinachotoka pamoja na gamba la mwili, na ukikivuta vibaya unaondoka na jicho. Eisii ndiyo iliyokausha hewa. Weka maficho ya unyevu: boksi la plastiki lenye mlango, ndani makumbi yaliyolowa na kukamuliwa. Vipande vya mwilini: mweke kwenye boksi lenye matundu pamoja na taulo iliyolowa maji ya nyuzi 28 hadi 30, dakika 20 hadi 30, atajipitisha mwenyewe. Angalia ncha ya mkia, pete ya gamba ikibaki pale hukaza na kukata damu. Jicho liache mpaka avue tena. Likibaki mara ya pili, daktari. Na macho yanapogeuka ya buluu kabla ya kuvua, haoni vizuri: asishikwe wala kulazimishwa kula.

Ametoroka! Tunaishi nyumba ya vyumba sita Mji wa Kale, ukumbi mmoja, na majirani hawajajua. — Naomba majibu ya haraka

Waambie majirani leo, ukiwa na picha yake na neno kwamba hana sumu. Wakikutana naye bila kujua, atauawa kwa mwiko. Kisha ziba chini ya milango kwa mataulo na funika matundu ya choo na bafu. Mchana tafuta sehemu zenye giza na uvuguvugu: nyuma ya friji karibu na mota, ndani ya sofa, chini ya kabati, kwenye viatu. Usiku mwaga mstari mwembamba wa unga kwenye kila mlango, zima taa, na upite na tochi kila baada ya saa moja. Unga utaonyesha alikopita. Mara nyingi hayuko mbali na chumba alichotoka. Akipatikana, kagua kasha: kwa nyoka mdogo upenyo wa sentimita moja na nusu ni mlango, na hewa ya bahari hula bawaba na skrubu za chuma cha kawaida. Funga komeo mbili zisizoshika kutu.

Tumeokota chatu mchanga shambani Kwale. Ni mpole. Tunaweza kumfuga? — Vijana wawili

Hapana. Huyo ni chatu mkubwa wa Afrika, hufika mita 3 hadi 5, na hasira zake huja pamoja na urefu. Kumtoa porini ni kosa la sheria. Kama mlimuokota leo, mrudisheni pale pale jioni, vichakani, mbali na njia. Kama ameumia, mwiteni afisa wa KWS, na mpaka afike akae ndani ya gunia la pamba lililofungwa fundo, kivulini, bila chakula.