Barua kwa Mwanangu: Amani Wakati wa Masika

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa Muheza. Mama yako hajambo, ingawa baridi ya masika imemrudishia maumivu ya goti. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama uahirishe safari ya kwenda kutazama ndege katika msitu wa Amani, huko milima ya Usambara, kwa kuwa utabiri unaonyesha mvua siku zote mbili, na unataka nikueleze kwa nini mimi, niliyeupanda mlima huo mara nyingi wakati wa kiangazi, hupenda kuisimulia zaidi ile siku moja ya Aprili niliyorudi nyumbani nimelowa chapachapa.

Usiahirishe. Ila badilisha namna ya kutembea, au niseme wazi: acha kutembea.

Siku ile mvua ilitukuta Sigi, kabla basi halijaanza kupanda kona za mlimani, na kona chache kabla ya kufika likakwama kwenye tope, tukamalizia safari kwa miguu. Kosa letu mimi na rafiki yangu lilikuwa kuendelea na mpango wa kiangazi. Tuliingia msituni tukafuata njia kwa saa mbili nzima, vichwa vimeinama ndani ya kofia za makoti, na tusione hata unyoya. Darubini yangu ilikuwa imeingiwa na ukungu. Nikaifuta kwa shati lililolowa, ikazidi kuwa kipofu. Kalamu ya wino nayo ilinisaliti: majina machache niliyoyaandika yakageuka madoa ya buluu, na ukurasa huo bado ninao.

Tulipochoka tukajibanza upenuni mwa nyumba moja ya zamani pembezoni mwa msitu. Unajua kwamba Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea hapo Amani mwaka 1902, wakapanda miti ya kutoka pande nyingi za dunia, na ndiyo sababu mtu husimama hapo asijue kama yuko msituni au bustanini. Kwa mtazamaji ndege, mpaka wa namna hiyo kati ya msitu na uwazi ni mahali pazuri kuliko ndani kabisa, kwa sababu kule ndani majani hufunika kila kitu, na mvua inapogonga majani hayo husikii sauti yoyote ya maana.

Umeuliza ndege huenda wapi mvua inaponyesha. Hawaendi mbali. Hutulia karibu na shina au chini ya majani mazito, wakiwa wamejikunyata, na manyoya yao waliyoyapaka mafuta kwa mdomo kutoka kwenye tezi iliyo juu ya mkia huyateremsha maji. Lakini njaa haingoji, hasa kwa ndege mdogo, na kwa hiyo mvua ikipungua hata kwa robo saa wote hutoka pamoja kutafuta wadudu. Kile ambacho siku ya jua hutawanyika kuanzia alfajiri hadi jioni, siku ya mvua hukipata kimefungwa katika vipande vifupi, nawe unatakiwa uwe umesimama mahali pamoja, kimya, darubini ikiwa kavu.

Kwetu kipande hicho kilikuja saa nane mchana. Walianza shore kwa kelele zao, kisha mti mzima mbele yetu ukajaa ndege wa aina mbalimbali waliosafiri kama kundi moja, wengine wakichokonoa magome, wengine wakidaka wadudu hewani. Hatua sita hivi kutoka niliposimama, ndege mdogo aitwaye chozi, dume, alitua juu ya jani pana, akalala kifudifudi, akajisugua huku na huku kwenye maji yaliyotuama juu yake. Baada ya mvua yote ile, alikuwa anaoga! Kichwa na koo lake vilikuwa vya kijani kilichokolea, tumbo jeupe, naye hakuzidi urefu wa kidole changu. Huyo ni chozi wa Amani. Ajabu yake ni kwamba kwetu anaishi katika misitu ya milima, lakini ndugu zake wa Arabuko-Sokoke, huko pwani ya Kenya, wanaishi kwenye miombo ya tambarare, karibu na bahari.

Hondohondo tuliwasikia kabla ya kuwaona, maana mabawa yao huvuma kama mtu anayepepea mkeka. Walikuwa wanafuata matunda ya ule mti ambao Waganda huuita musizi. Uliletwa Usambara na watu, lakini waliousambaza ni hao hondohondo, ambao humeza matunda na kuziangusha mbegu mbali, hadi umekuwa tishio kwa miti ya asili. Siwezi kuwalaumu ndege kwa hilo.

Kisha akapita ndege aitwaye shorobo, kijani kibichi akitulia na mabawa mekundu akiruka. Wapo wanaosema wekundu ule huoshwa na mvua. Nilimtazama kwa makusudi, naye alikuwa mwekundu vilevile. Rangi hiyo ina madini ya shaba ndani yake. Maji yenye magadi huiyeyusha kweli, lakini si mvua ya kawaida.

Usiende na orodha mkononi ukitaka kuimaliza. Najua unamtaka yule ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu, aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1931 na kupewa jina la Moreau, aliyekuwa mtumishi wa kituo cha Amani. (Moreau naye alimpa ndege mwingine, wa milima ya Uluguru, jina la mkewe Winifred. Mama yako ananikumbusha kwamba mimi sijampa hata kuku.) Hukaa kwenye misokoto ya mimea itambaayo, hasa pembezoni na penye mianya, na mimi sijapata kumwona, iwe mvua iwe jua.

Chukua mwavuli badala ya koti, kwa sababu kofia ya koti hulia masikioni na kukuziba pembeni. Beba penseli, na kitambaa kikavu ndani ya mfuko wa nailoni. Ukiona siafu wanavuka njia, simama mbali kidogo ungoje, kwani ndege huwafuata ili kula wadudu wanaowakimbia siafu hao. Darubini yangu nimeipeleka ikasafishwe. Nitaipakia kwenye basi la Alhamisi, uipokee stendi jioni.

Ni mimi baba yako.